Tafuta Ndani ya Faili, Si Jina Lake Tu



Siku mbili kabla ya kukabidhi tasnifu, msimamizi wangu aliniuliza: "Maneno haya kuhusu wakfu umeyatoa wapi?" Niliikumbuka hoja, nikasahau kitabu. Kompyuta yangu ilijaa mafaili yaitwayo "notes1" na "download", hivyo kutafuta kwa jina hakukunisaidia. Na kuyaacha maneno bila chanzo ni kujipa elimu ya mtu mwingine.

Nikaweka DocFetcher, programu ya bure. Nawe fanya hivi:

1. Ionyeshe folda yako ya masomo, iunde faharasa. Itasoma Word na PDF zako na kuhifadhi kila neno liko wapi, kama faharasa ya mwisho wa kitabu. Ndiyo maana baadaye majibu huja haraka.

2. Andika maneno mawili au matatu yasiyo ya kawaida. Ukikumbuka kifungu kizima, kiweke ndani ya alama za kunukuu.

3. Jaribu tahajia zote: wakfu, waqf, awqaf.

Kumbuka, PDF iliyoskaniwa ni picha. Maneno yake hayapatikani mpaka ipitishwe kwenye programu ya kutambua maandishi.

Ukurasa wangu niliupata ndani ya "download (7)". Nikaona pia kosa langu: mwandishi alisema "baadhi ya wakfu", mimi nikaandika "wakfu zote". Nilisahihisha usiku uleule.

Unda faharasa yako leo, kabla hujaulizwa.