Pesa za Mwaitu

*Shangazi,*

*Mimi ni kifungua mimba katika familia ya watoto watatu. Kwetu ni Mukuyuni, Kaunti ya Makueni. Nashona nguo kiwandani Athi River, na nyumbani hufika mara moja kwa mwezi. Mwezi ukiwa mgumu, hata hiyo moja naikosa. Mwaitu, yaani mama yetu, ana miaka 66. Mwaka 2020 alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala wote na maneno yakapotea. Anaelewa kila kitu, ila kinywani hutoka neno moja moja, na hawezi kugeuka kitandani bila mtu.*

*Miaka miwili sasa anapata zile pesa za walemavu za Inua Jamii, mpango wa Serikali. Mlezi aliyeandikwa ni mdogo wangu wa kiume, kwa kuwa ndiye aliyebaki bomani. Laini ni yake, PIN ni yake. Mwezi jana nilifika bila kutangaza, nikamkuta Mwaitu amelalia kitambaa kilicholoa, na nyumbani hakuna hata kipande cha sabuni. Mdogo wangu alikuwa sokoni, na huko kila mtu ananiambia anacheza kamari ya simu na kununulia watu keroro siku pesa zikiingia. Wifi, anayemwosha Mwaitu na kumpondea muthokoi, aliniambia hajawahi kushika hata mia. Nilipomuuliza ndugu yangu, alinijibu: "Wewe ni msichana, umekuja kutafuta shamba." Tangu siku hiyo hatusemezani. Nataka kwenda polisi, lakini naogopa kuitwa dada aliyemfunga ndugu yake. Nifanye nini?*

*Kifungua Mimba, Mukuyuni*

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote jicho limekwama mahali ambapo naona wewe ulipita mbio. Ni pale unaposema wifi yako ndiye anayemwosha Mwaitu na kumpondea muthokoi. Umemtaja mara moja, kama shahidi, kisha ukarudi kwa mdogo wako na kamari yake. Mimi nitaanza na huyo wifi.

Hizo pesa zilianzishwa kwa ajili ya hali kama ya mama yako hasa. Kwa Katiba ya mwaka 2010 mzee ni mtu aliyepita miaka 60, lakini zile tunazoita pesa za wazee humfikia aliyetimiza 70. Ndiyo maana Mwaitu, kwa miaka yake 66, yuko kwenye orodha ile nyingine, ya watu wenye ulemavu mkubwa, iliyoanza mwaka 2011. Sharti lake ni kwamba mtu awe anahitaji kuangaliwa mchana na usiku, na kwa sababu hiyo anaandikiwa mlezi wa kupokea kwa niaba yake. Waliopanga mambo walidhani mlezi anayepokea na mlezi anayenyanyua mgonjwa watakuwa mtu mmoja. Kwenu wamekuwa wawili. Mmoja ana PIN, mwingine ana mgongo unaouma. Mkianza kugombana juu ya nani kala pesa, wewe na mdogo wako mtapigana mwaka mzima, na huyo wifi yako ataendelea kufua vitambaa kwa maji matupu.

Tuhesabu kidogo. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, yaani kama 66 kwa siku. Pakiti moja ya pampasi za watu wazima yaweza kumeza karibu nusu ya pesa za mwezi. Kwa miaka miwili ni 48,000, na najua hiyo ndiyo hesabu uliyopiga ndani ya matatu ukirudi Athi River. Lakini usimwekee mdogo wako 48,000 mezani kabla ya kujua ngapi ziliingia. Pesa za Inua Jamii huchelewa. Hukaa miezi, kisha hushuka kwa mkupuo, miwili au zaidi pamoja. Ukimshtaki kwa mwezi ambao Serikali yenyewe haikulipa, atakuwa na ukweli mmoja mkononi, na kwa ukweli huo mmoja ataufunika uongo wake wote. Uliza tarehe na kiasi cha kila malipo katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu, au piga 1533, ambayo ni laini ya bure ya Inua Jamii.

Pia utenganishe matumizi. Kama alinunua unga uliopikwa chungu kimoja, Mwaitu akala na watoto wakala, huo si wizi. Chakula cha mgonjwa hakipikwi kwenye kisiwa. Kama alilipa boda boda ya kumpeleka hospitali, mshukuru. Daftari na kalamu za watoto? Hapo ningemuuliza Mwaitu mwenyewe. Kamari na keroro hazina cha kuuliza.

Nikwambie jambo ambalo sijawahi kuandika kwenye ukurasa huu. Baba yangu alikuwa na pensheni ndogo, na macho yalipomwishia, kadi yake ya benki ikahamia kwenye pochi yangu. Nilikuwa binti mwema, kila mtu alisema hivyo. Muhula mmoja karo ya mwanangu ilipungukiwa elfu tatu. Nikatoa kwenye kadi ya baba, nikajiambia mwisho wa mwezi nitarudisha. Sikurudisha. Muhula uliofuata haikuniwia vigumu hata kidogo. Baba alifariki bila kujua, au alijua akaninyamazia, na hilo la pili ndilo huniamsha usiku. Sikuwa mlevi wala mcheza kamari. Nilikuwa na kadi ya mtu mwingine na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Simtetei mdogo wako. Ila najua njia aliyopitia, na najua kwamba kumtukana sokoni hakutaziba tundu. Huko Marekani, anayepokea malipo ya serikali kwa niaba ya mzee au mlemavu anatakiwa ayatumie kwanza kwa chakula, makazi na matibabu ya mwenyewe, na aweke hesabu ambayo anaweza kuulizwa wakati wowote. Sisi hatungoji Marekani. Daftari la shule la kurasa thelathini na mbili linatosha: tarehe, kilichoingia, kilichonunuliwa, nani alikwenda dukani. Likae chini ya godoro la Mwaitu, mahali ambapo kila anayemgeuza ataligusa.

Sasa kuna mtu mmoja ambaye hukumuuliza chochote. Umenieleza walichosema watu wa soko, wifi na mdogo wako. Mwaitu amesema nini? Ameishiwa maneno, hajaishiwa akili. Wewe mwenyewe umeandika kwamba anaelewa kila kitu. Mkiwa peke yenu, umpe maswali ya ndiyo na hapana, afinye mkono wako kwa ndiyo. Uliza polepole. Kila swali lirudie ukiligeuza, maana mgonjwa aliyechoka hufinya tu ili umwache. Je, anajua kuna pesa zinazoingia kwa jina lake? Anataka mwanawe aendelee kuzishika? Anataka azishike mke wa mwanawe? Je, kuna karatasi yoyote aliyowekewa kidole gumba?

Jitayarishe kwa jibu litakalokuuma. Mama wengi humlinda mtoto anayewala kuliko yule anayewaletea. Akikufinya kwamba mwanawe aachwe, usimtikise wala usilie mbele yake. Ana haki ya kumsamehe mwanawe yaliyopita. Kuhusu kulala kwenye unyevu mpaka mgongo utoke vidonda, hapo msamaha wake hauhusiki, maana hilo ni la matunzo. Kifungu cha 57 cha Katiba kinampa haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kutunzwa na familia yake pamoja na Serikali. Kifungu hicho hakikusema kaka au dada. Kimesema familia, na wewe umo.

Akikubali, au akiwa hana neno, badilisheni mlezi. Nasema badilisheni, kwa sababu ukienda peke yako utaonekana umekuja kunyakua. Nenda na wifi. Awe na kitambulisho chake na laini iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe, isiwe ya mumewe. Beba na kitambulisho cha Mwaitu. Anzeni kwa naibu wa chifu, kwa kuwa yeye anajua boma lenu na nani analala wapi, kisha afisa wa maendeleo ya jamii. Huenda wakataka kumwona Mwaitu kabla ya kubadilisha jina. Wakaribisheni, na msimpambe. Wamkute alivyo. Kuna pia kamati ya wanufaika, majirani waliochaguliwa kusikiliza malalamiko ya aina hii. Mmoja wao asiyemwogopa mdogo wako atawafaa kuliko wakili. Na yeyote atakayewaomba "ya chai" ili abadilishe jina, mwandike kwenye lile daftari jipya, ukurasa wa kwanza.

Kuhusu jina lako wewe kuwa la mlezi, najua limekupitia akilini. Usilikubali. Wewe uko Athi River. Ukilishika, mtakuwa mmeirudisha hali ileile: pesa kwa mmoja, kazi kwa mwingine, ila safari hii mwenye pesa atakuwa mbali zaidi.

Polisi. Aliyetumia pesa za mgonjwa kwa kamari anaweza kushtakiwa, na usimruhusu mtu akwambie hayo ni mambo ya nyumbani tu. Lakini angalia mpangilio. Ukianzia kituoni, mlezi aliyeandikwa akawa mshukiwa, na jina lake bado ndilo lililoko kwenye malipo, nani atapokea pesa zitakazofuata? Badilisha mlezi kwanza. Zikishaanza kuingia kwa wifi, hapo una nafasi ya kuamua kama unataka kesi au unataka deni lilipwe. Kama ni deni, lipeleke kwa wazee wa mbai yenu, yaani ukoo, na ulipeleke na tarehe ulizopata ofisini. Nakushauri usianzie huko pia. Wazee wa mbai wakianza bila hesabu mkononi, mazungumzo yatageukia shamba ndani ya dakika kumi, na wewe utatakiwa ueleze kwa nini hukuolewa au kwa nini uliolewa.

Na hilo shamba ndilo lililonifanya niulize juu ya kidole gumba. Mtu akiulizwa kuhusu sabuni akajibu kuhusu shamba, shamba lilikuwa tayari kichwani mwake. Mwulize Mwaitu cheti cha shamba kiko wapi. Kama kipo, kiwekwe mahali ambapo si chumbani kwa ndugu yako wala si kwenye mkoba wako. Shamba la kilimo haliuzwi kihalali bila idhini ya bodi ya ardhi, na mama asiyeweza kusema lakini anaelewa bado ni mwenye mali. Ikitokea tetesi ya mnunuzi, nenda kwenye bodi kabla ya siku ya kikao. Ama maneno ya "wewe ni msichana", sheria ya Kenya ilikwisha kuyajibu, usipoteze mate.

Huyo mtoto wa tatu wa Mwaitu hukumtaja tena baada ya sentensi ya kwanza. Yuko wapi? Mwandikie. Hata kama hana shilingi, ana wikendi.

Niruhusu niseme na moja juu yako, kwa sababu hukunilipa nikusifu. Unafika mara moja kwa mwezi. Sikulaumu, najua foleni ya kiwanda na najua msimamizi asiyetoa ruhusa. Lakini safari hiyo moja ulipokuta kitambaa kimeloa, ulikibadilisha wewe, au ulitoka moja kwa moja kwenda sokoni kumtafuta mdogo wako? Sihitaji jibu. Wifi yako analijua tayari, na kutokana na hilo ataamua kama atasimama nawe mbele ya naibu wa chifu au atasema hajui kitu. Kumbuka huyu ataendelea kulala nyumba moja na mume aliyenyang'anywa PIN. Kabla hujamwomba asimame, mwulize anaogopa nini, na umsikilize mpaka mwisho. Akikwambia atapigwa, basi mambo yote niliyoandika hapo juu yasubiri. Kwanza shangazi mmoja wa upande wa baba yenu, mwenye sauti, akae bomani siku hizo, na naibu wa chifu ajue mapema.

Ukienda Jumamosi hii, beba mche mmoja mzima wa sabuni, pampasi, daftari, na kanga mbili kuukuu za kutandika. Fika asubuhi. Mwambie wifi akalale, au aende kwao siku mbili kama ana kwao pa karibu, na hizo siku mbili umgeuze Mwaitu wewe, kila baada ya saa mbili, hata usiku. Maswali yako uyaulize usiku wa pili, sio wa kwanza. Keti upande wake wa kushoto, wa ule mkono ambao bado unafinya.