MADA YA 9: UONGOZI WA VYAMA VYA KUTETEA HAKI ZA WATU WENYE ULEMAVU

Malengo ya mada

Ukimaliza kusoma mada hii utaweza:
(a) kueleza maana ya ulemavu, utetezi, ujumuishi na kusudi la chama;
(b) kuonesha kwa mfano wa kihistoria jinsi ujumuishi unavyokipa chama nguvu;
(c) kufafanua wajibu wa kiongozi wa chama cha watu wenye ulemavu;
(d) kujibu swali la insha kuhusu mada hii.

9.1 Dhana muhimu

Ulemavu: Kwa mujibu wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006, ulemavu hutokea pale hali ya mtu inapokutana na vikwazo vya jamii. Mwanafunzi anayetumia kiti mwendo hakosi vitabu kwa sababu ya miguu yake. Anavikosa kwa sababu maktaba iko ghorofani na hakuna njia ya mteremko. Ondoa kikwazo, naye atasoma kama wenzake.

Utetezi: Ni kazi ya kudai haki mbele ya wenye mamlaka kwa njia halali. Utetezi si hisani. Hisani humpa mtu msaada leo, na kesho aliyetoa anaweza kuacha. Haki inalindwa na sheria, na aliyenyimwa anaweza kuidai.

Ujumuishi: Ni hali ya kila mhusika kushiriki kikamilifu katika mambo yanayomhusu, yaani kupata taarifa, kusikilizwa na kuamua. Kumwita kiziwi mkutanoni bila mkalimani wa lugha ya alama si ujumuishi. Amehudhuria, lakini hakushiriki.

Kusudi: Ni jambo mahususi ambalo chama kimekusudia kulipata. "Kusaidia watu wenye ulemavu" ni nia njema tu. "Kila shule ya kata iwe na choo kinachofikika kwa kiti mwendo" ni kusudi, kwa sababu unaweza kulipima.

9.2 Mfano wa kihistoria: San Francisco, 1977

Judith Heumann alizaliwa Marekani mwaka 1947. Alipata polio akiwa mtoto wa miezi 18, na tangu hapo alitumia kiti mwendo. Alipofikia umri wa kuanza shule alikataliwa kwa madai kwamba kiti chake kingekuwa hatari endapo moto ungetokea. Mwaka 1970, baada ya kuhitimu chuo, alinyimwa leseni ya ualimu jijini New York kwa sababu hiyohiyo ya kutotembea. Alifungua kesi, akapata leseni, akafundisha. Mwaka huohuo yeye na wenzake walianzisha chama cha kutetea haki za watu wenye ulemavu.

Mwaka 1973 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Urekebishaji. Kifungu cha 504 cha sheria hiyo kilikataza taasisi yoyote inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu. Hata hivyo, sheria haikuweza kutekelezwa bila kanuni, na kanuni hazikutiwa saini kwa zaidi ya miaka mitatu. Vyama vya watu wenye ulemavu viliweka kusudi moja: kanuni zitiwe saini bila kupunguzwa makali.

Tarehe 5 Aprili 1977 waandamanaji waliingia katika ofisi za serikali katika miji kadhaa. Sehemu nyingi waliondoka mapema. Huko San Francisco watu wapatao 150 walibaki ndani ya jengo kwa zaidi ya wiki tatu. Wengine waliacha nyumbani vitanda maalumu, dawa na wasaidizi wao. Kwa baadhi yao, kulala sakafuni usiku mmoja tu kulikuwa hatari kwa afya.

Kilichowawezesha kustahimili ni namna walivyojipanga. Wasioona, viziwi, wenye ulemavu wa viungo na wasio na ulemavu walikuwamo katika kundi moja. Mambo yaliamuliwa katika mikutano ya wote, wakalimani wa lugha ya alama wakiwepo. Mikutano hiyo ilichukua saa nyingi, wakati mwingine hadi usiku wa manane. Kamati ziligawana kazi za chakula, afya na mawasiliano na waandishi wa habari.

Simu za ndani zilipokatwa, viziwi walikwenda dirishani wakawasiliana kwa lugha ya alama na watu waliokuwa nje. Jambo ambalo wengi waliliona kuwa upungufu likawa njia ya kupitisha habari.

Chakula nacho kilihitajika. Brad Lomax, mwandamanaji mwenye ulemavu, alikuwa pia mwanachama wa Black Panther Party, chama cha Wamarekani weusi. Chama hicho kilipeleka chakula cha moto kwa waliokuwa ndani. Baadaye baadhi yao waliposafiri kwenda Washington kuonana na viongozi wa serikali, chama cha wafanyakazi wa mitambo kiliwasaidia usafiri.

Tarehe 28 Aprili 1977 Waziri Joseph Califano alizitia saini kanuni hizo. Waandamanaji walitoka jengoni tarehe 30 Aprili. Msingi huo ulisaidia kupatikana kwa sheria pana zaidi ya haki za watu wenye ulemavu nchini Marekani mwaka 1990. Judith Heumann alifariki dunia mwaka 2023.

9.3 Mafunzo kwa kiongozi

(i) Kusudi liwe moja na lieleweke kwa wote. Waandamanaji walijua walichodai, hivyo haikuwa rahisi kuwaridhisha kwa ahadi.

(ii) Wahusika wenyewe waongoze. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kaulimbiu ya watu wenye ulemavu duniani inasema jambo hilohilo: hakuna lolote kuhusu sisi bila sisi.

(iii) Ujumuishi una gharama, na kiongozi akubali kuilipa. Mkutano wenye mkalimani huenda polepole. Maandishi ya nukta nundu yanahitaji kuandaliwa mapema. Kiongozi mwenye haraka hushawishika kuwaacha wachache nyuma ili kazi iende. Kumbuka zile simu zilizokatwa: kama viziwi wangeachwa nje kwa kuokoa muda, waliomo ndani wangebaki bila njia hiyo ya kuzungumza na walio nje.

(iv) Chama kitafute washirika. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mshirika hupatikana kwa kuheshimu kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na mambo mengi: mwenye ulemavu, mfanyakazi, mwanamke, kijana.

(v) Kazi zigawanywe. Chama kinachomtegemea mtu mmoja husimama mtu huyo anapougua.

9.4 Hali ya Tanzania

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2009. Mwaka 2010 ilitungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9, inayotumika Tanzania Bara. Chini ya sheria hiyo, mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kuajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Kwa hiyo kiwanda chenye wafanyakazi 200 kinatakiwa kuwa na wafanyakazi wenye ulemavu wasiopungua 6.

Vyama vilivyopo ni pamoja na Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA), Chama cha Wasioona Tanzania (TLB) na Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania (TAS). Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu Tanzania (SHIVYAWATA) huviunganisha vyama hivyo.

Ibara ya 4 ya Mkataba inazitaka nchi kushauriana na watu wenye ulemavu, wakiwemo watoto, kupitia vyama vinavyowawakilisha, wakati wa kutunga sera na sheria zinazowahusu. Hapa ndipo uzito wa ujumuishi unapoonekana. Kiongozi anapoitwa kutoa maoni ya wanachama, anazungumza kwa niaba ya wengi. Kama hajawasikiliza wanawake, watoto, wanachama wa vijijini na wale wenye ulemavu wa akili, sera itatungwa kwa maoni ya wachache, na kikwazo kitabaki palepale.

ZINGATIA: Watahiniwa wengi hupoteza alama kwa makosa haya:
• Kuandika kuhusu huruma na misaada wakati swali linauliza haki.
• Kutaja sifa za kiongozi bila kutoa mfano.
• Kutumia majina yanayodhalilisha. Andika "mtu mwenye ulemavu", "kiziwi", "asiyeona", "mtu mwenye ualbino".

9.5 Swali la mfano na jibu lake

Swali: "Ujumuishi huchelewesha kazi ya chama." Jadili kauli hii kwa kutumia mfano mmoja. (Alama 10)

Jibu kwa muhtasari:
Utangulizi: Eleza maana ya ujumuishi. Onesha msimamo wako: kauli ina ukweli kidogo, lakini haitoshi.
Hoja ya kukubali: Ujumuishi huhitaji muda na fedha kwa ajili ya wakalimani, maandishi ya nukta nundu na mikutano mirefu.
Hoja za kupinga: (1) Uamuzi uliofanywa na wote hutetewa na wote, ndiyo sababu kundi la San Francisco lilidumu zaidi ya wiki tatu. (2) Kila kundi huleta uwezo wake, kama lugha ya alama simu zilipokatwa. (3) Ujumuishi huleta washirika, kama waliopeleka chakula. (4) Bila ujumuishi chama huweza kupata kitu kisichohitajika na wanachama wake.
Hitimisho: Chama kinachowaacha wengine huanza haraka lakini hupungukiwa nguvu njiani.

9.6 Zoezi

1. Tofautisha hisani na haki. Toa mfano mmoja wa kila kimoja kutoka katika mazingira ya shule yako. (Alama 4)
2. Kampuni ina wafanyakazi 400. Kwa mujibu wa Sheria Na. 9 ya 2010, inatakiwa kuwa na wafanyakazi wenye ulemavu wasiopungua wangapi? (Alama 2)
3. Kwa nini waandamanaji wa mwaka 1977 walidai kanuni wakati sheria ilikwishapitishwa? (Alama 4)
4. Umechaguliwa kuongoza klabu ya haki za watu wenye ulemavu shuleni kwenu. Andika kusudi moja linalopimika, kisha eleza hatua tatu utakazochukua kuhakikisha wanafunzi wenye ulemavu wenyewe ndio wanaoamua. (Alama 10)

Majibu ya swali la 2: 400 × 3 ÷ 100 = wafanyakazi 12.

Kabla ya kujibu swali la 4, zunguka shuleni. Tazama mlango wa maabara, ubao wa matangazo na njia ya kwenda chooni. Kisha muulize mwenzako mwenye ulemavu ni kipi kinamsumbua zaidi, na usishangae jibu lake likiwa tofauti na ulilodhani.