SOMO LA TISA: SAFARI YA SIKU MBILI

Kina mama watatu wa kijiji kimoja karibu na Morogoro ni marafiki. Ujanani walipenda sana kusafiri. Siku moja mmoja wao aliachwa na basi. Tiketi yake iliandikwa saa 09:30. Yeye hakujua kusoma. Jirani alimsomea, "Saa tisa na nusu." Alifika stendi mchana. Basi lilikwisha ondoka asubuhi. Wenzake nao wakaogopa. Wote wakaacha kusafiri.

Baadaye walijiunga na kisomo. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam. Kina mama wakakata tiketi. Walisoma wenyewe tarehe, behewa, kiti na saa.

Saa ya tiketi huhesabiwa tangu usiku wa manane. Kuanzia 07:00 hadi 18:00, toa 6. Hivyo 09:30 ni saa tatu na nusu asubuhi. 14:00 ni saa nane mchana.

Mjini walisoma vibao vya barabarani. Makumbusho ya Taifa walisoma habari za fuvu la kale lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Jioni walivuka kwa pantoni hadi Kigamboni, wakifurahia upepo wa bahari.

Kesho yake, wakirudi, walikuwa tayari wanapanga safari ya Dodoma.

Ndugu mwanakisomo, tembea uone. Lakini kwanza soma tiketi yako.

MASWALI
1. Kwa nini mama yule aliachwa na basi?
2. Tiketi imeandikwa 16:00. Utasafiri saa ngapi?