Tazama Juu Kabla ya Kukata: Maelezo kwa Wakazi wa Nairobi

Malalamiko yanayofika ofisini mwetu ni ya aina moja: mti umekatwa asubuhi, makinda wametapakaa chini, na aliyekata anasema hakujua. Baada ya kusoma kijitabu hiki hakuna atakayesema hivyo tena.

Msitu wa Karura, wenye hekta zipatazo 1,000, una aina za ndege zinazokaribia 200. Tai mwenye kishungi, mwindaji wa kima, hulea kinda wake humo, karibu kabisa na maghorofa. Lakini ndege hawajui mipaka ya msitu. Wakitoka Karura kwenda City Park au Arboretum, hutua kwenye miti ya nyua zetu, ya kando ya barabara na ya kingo za mito. Mkuyu mmoja ukizaa hulisha hondohondo na ndege wengine wengi. Miti hiyo ya katikati ikiisha, bustani zetu zitabaki visiwa.

Sasa jambo lenyewe. Tazama juu kabla ya kuinua panga! Ndege wengi wa hapa hutaga wakati wa mvua, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, kwa sababu wadudu ni tele. Hata mnana, ambaye ni mla mbegu, huwalisha makinda wake wadudu. Na majira hayohayo ndiyo watu hukumbuka kupunguza matawi.

Ukiona kiota, ngoja. Mnana huhitaji wiki tano hivi tu, tangu yai litagwe hadi kinda aruke. Tai mwenye kishungi hulea kinda mmoja kila miaka miwili. Kiota chake kikiangushwa, miaka hiyo imepotea. Usikihamishe kiota kwenda mti mwingine, kwa maana mara nyingi wazazi hawakifuati. Wala usimwamini fundi anayekuambia kiota ni kikuukuu. Kaa mbali kidogo, utazame kwa nusu saa. Mzazi akiingia na chakula mdomoni, mna makinda ndani. Tunarudia: ngoja.

Kukata mti jijini kunahitaji kibali cha kaunti, hata ukiwa ndani ya ua wako. Mwenye ploti au wakala wake ndiye anayeomba. Masharti mengine yamo kwenye fomu ya maombi. Lakini kibali hicho si ruhusa ya kuua ndege. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inawalinda ndege wetu wa asili pia, si ndovu tu.

Sisi tumefanya sehemu yetu. Maafisa wetu wamepita mitaani, wameeleza, wameonya, na palipo na wakazi wasikivu viota vimebaki salama. Asiyesikia atawajibika mwenyewe.

Tawi likielemea paa au nyaya za umeme, nalo lina kiota, usilikate. Weka msumeno chini, uiarifu ofisi ya mazingira ya kaunti kwanza.