Programu za Ofisi Zisizolipiwa: Namna ya Kuzipima kwa Kisoma-skrini

Mwalimu asiyeona anapokabidhiwa kompyuta mpya, anachohitaji ni kuandika mtihani, kujaza alama na kutuma ripoti bila kumwomba mwenzake amsomee. Muuzaji humhakikishia kwamba kompyuta ina programu ya ofisi isiyolipiwa na kwamba kila kitu kinafanya kazi. Kwa mtu anayeona, huenda ikawa kweli. Kwa mwalimu huyu, kauli hiyo haina uzito mpaka aithibitishe kwa masikio yake. Programu ikinyamaza mahali pamoja tu, kazi hurudi mikononi mwa msaidizi, na siri ya alama za wanafunzi huondoka pamoja nayo.

Katika somo hili tunaeleza kwa nini jambo hilo hutokea, na jinsi mtumiaji anavyoweza kuipima programu kabla ya kuikubali.

Programu mbili zinavyowasiliana

Kisoma-skrini ni programu inayogeuza yaliyomo kwenye skrini kuwa sauti, au kuyapeleka kwenye kifaa cha nukta nundu. Kwa kompyuta za Windows, NVDA hupatikana bila malipo. Ilianza kutengenezwa nchini Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni. JAWS huuzwa kwa leseni. Wanaotumia Linux wana Orca, isiyolipiwa. Kwa upande wa ofisi, zinazojulikana zaidi miongoni mwa zisizolipiwa ni LibreOffice na Apache OpenOffice. Kila moja ina Writer ya kuandikia, Calc ya lahajedwali na Impress ya mawasilisho.

Wengi hudhani kisoma-skrini hutazama skrini kama jicho. Sivyo. Kazi yake ni kuiuliza programu iliyo wazi: kielekezi kiko wapi? Hiki ni kitufe au kisanduku? Kinaitwaje? Kimechaguliwa au la? Programu ya ofisi ikijibu, mtumiaji husikia. Isipojibu, husikia neno "kitufe" lisilo na jina, au hasikii chochote.

Kwa miaka mingi, majibu hayo katika Windows yalipitia daraja la Java ambalo mtumiaji alilazimika kulisakinisha kando. Mwaka 2014, toleo la 4.1 la Apache OpenOffice lilileta njia iitwayo IAccessible2 isiyohitaji daraja hilo, na LibreOffice nayo huitumia. Somo la historia hiyo ni moja: kupatana kwa programu hizi hutegemea matoleo mawili yanayokutana, la kisoma-skrini na la programu ya ofisi. Kompyuta iliyotumika, yenye programu ya miaka kumi iliyopita, huweza kunyamaza mahali ambapo toleo jipya linazungumza. Kwa hiyo ulizia nambari ya toleo, si jina la programu pekee.

Jaribio la nusu saa

NVDA huweza kuwekwa kwenye flashi na kuendeshwa bila kusakinishwa. Nenda nayo dukani pamoja na visikizi vyako, na uombe ruhusa ya kuitumia kwenye kompyuta unayokusudia kununua. Ndani yake kuna sauti ya eSpeak NG inayosoma Kiswahili. Sauti hiyo ni ya kimashine, lakini inatosha kwa jaribio. Weka kipanya kando, kisha fuata hatua hizi:

1. Fungua Writer na uandike aya mbili. Zisome herufi kwa herufi kwa mishale, na neno kwa neno kwa Ctrl na mshale wa kulia au kushoto. Kisha bonyeza Insert na mshale wa chini ili usomewe waraka wote. Ctrl huisimamisha sauti.

2. Weka kichwa cha habari kwa Ctrl na 1. Bonyeza Insert na F usikie fonti na ukubwa wake. F5 hufungua Navigator, yaani orodha ya vichwa na majedwali ya waraka. Hakikisha unaisikia na unaweza kurukia sehemu unayoitaka.

3. Andika neno la Kiingereza kwa makosa, kisha bonyeza F7. Sikiliza kama neno lenye kosa linatajwa na kama mapendekezo yanasomeka moja baada ya jingine.

4. Fungua Calc. Unapohama kwa mishale, unapaswa kusikia anwani ya seli, kwa mfano B4, na kilichomo. Jumlisha safu fupi ya alama na usikilize jibu.

5. Fungua faili halisi kutoka kazini kwako, lenye jedwali, maoni ya mkuu wako na masahihisho yake. Hatua hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa kuwa waraka rahisi huficha kasoro ambazo waraka wa kazi huzifichua.

Yagawe matokeo katika mafungu matatu: yanayosikika vizuri, yanayohitaji njia ndefu, na yasiyosikika kabisa. Ukimya katika jambo usilolifanya kamwe si sababu ya kuikataa programu. Ukimya katika kazi ya kila siku ni sababu ya kutosha, hata kama programu ni ya bure.

Tahadhari

JAWS isiyo na leseni hufanya kazi kwa dakika 40, kisha hukoma mpaka kompyuta iwashwe upya. Anayekuonyesha kompyuta yenye JAWS na aeleze kama leseni imo katika bei. Usikubali nakala iliyovunjwa leseni: huweza kubeba virusi. Aidha, usisasishe programu zote mbili kwa siku moja wakati wa mitihani au wa kufunga hesabu. Sasisha moja, ijaribu, ndipo uendelee na nyingine.

Wanaoona nao wana wajibu. Picha isiyo na maelezo na kichwa kilichokolezwa wino tu bila mtindo wa kichwa humpotezea njia msomaji asiyeona. Tangu toleo la 7.0 la mwaka 2020, LibreOffice ina kikaguzi cha ufikivu kinachotaja kasoro za namna hiyo kabla waraka haujatumwa.

Haki ya mnunuzi

Nchini Kenya, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 humpa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike nazo kikamilifu. Kifungu cha 54 humpa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vizuizi vitokanavyo na ulemavu wake.

Kwa hiyo tunashauri hivi: kabla ya kulipa, mtake muuzaji aandike kwenye risiti nambari za matoleo ya programu zote mbili, na kwamba zilijaribiwa pamoja mbele yako. Mtu unayemwamini akusomee maandishi hayo kabla hujatoka dukani. Kompyuta ikinyamaza nyumbani, utakuwa na ushahidi mkononi unaporudi kudai.