Kufanya Kazi kwa Makini: Vidokezo Vitano kutoka Eldoret

Wengi wetu tukisikia bidii tunafikiria jasho na mbio. Zunguka Eldoret miongoni mwa wanariadha na wakulima wa mahindi, utakuta bidii iliyotulia: mtu anapima, anakagua, kesho anarudia. Hii ndiyo ninayokusihi uige, uwe fundi cherehani, karani au mwanafunzi wa chuo.

1. Weka daftari. Mwanariadha Eliud Kipchoge ameandika mazoezi yake tangu 2003, mwaka aliotwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 kule Paris akiwa na miaka 18. Haandiki muda peke yake. Anaandika alivyokandwa misuli, viatu alivyovaa na jinsi miguu ilivyovipokea. Fundi naye aandike vipimo vya kila mteja, na kasoro aliyoambiwa siku ya kuja kuchukua nguo. Kichwa husahau mapema sana.

2. Usijimalize kila siku. Katika kambi ya mazoezi ya Kipchoge na wenzake kule Kaptagat, nje kidogo ya Eldoret, Jumanne ni mazoezi ya kasi uwanjani, Alhamisi ni mbio ndefu za kilomita 30 au 40, Jumamosi ni kupandisha na kushusha kasi. Siku zinazobaki wanakimbia taratibu, hata mgeni anaweza kudhani wanatembeza miguu tu. Kipchoge amewahi kueleza kwamba siku ngumu hutumia kama asilimia 80 ya nguvu zake, na siku nyepesi kama 50. Nguvu iliyobaki huonekana kwenye mashindano: Berlin mwaka 2022 alikimbia marathoni kwa saa 2:01:09, rekodi ya dunia wakati huo. Anayekesha wiki nzima kabla ya mtihani angejipunguzia makosa mengi kwa kugawa kazi hivi.

3. Kazi ndogo ifanye vizuri. Pale kambini bingwa hushika zamu ya kufagia na kuosha choo kama mwenzake asiyejulikana. Napenda sana utaratibu huu. Anayezoea kupuuza kona ya sakafu ataipuuza na hesabu ya mwisho wa mwezi.

4. Tafuta wa kukukagua. Kipchoge alipokuwa kijana Nandi, alimwendea jirani yake Patrick Sang kuomba ratiba ya mazoezi, akaimaliza, akarudi kuomba nyingine. Sang alikuwa na medali ya fedha ya Olimpiki ya Barcelona 1992, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na ndiye aliyemkuza hadi kileleni. Omba maoni mapema, kazi ikiwa bado inarekebishika.

5. Pima, usikisie. Hapa ndipo wakulima wa Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret, wanapopata faida au hasara. Bodi ya Nafaka na Mazao haipokei mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, na yakihifadhiwa mabichi huota kuvu inayoleta sumu ya aflatoksini. Kung'ata punje hakutoshi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, kisha iache kama robo saa. Chumvi ikinata ubavuni mwa chupa, unyevu bado umepita asilimia 15, basi rudisha mahindi kwenye turubai. Isiponata, usishangilie bado, kwa kuwa kati ya 15 na 13.5 chupa haina la kukuambia. Hapo kinahitajika kipimo cha mashine. Chota sampuli kutoka magunia kadhaa, la katikati na la chini pia, maana la juu hukauka kwanza.

Wewe mwenye mahindi uani, tafadhali usiyatie ghalani kabla ya kuyapima. Familia yako ndiyo itakayoyala.