Fedha Iliyozidi Kwenye Bili: Namna ya Kuidai Irudi

Kijitabu cha elimu kwa watumiaji wa maji na umeme, Oldonyo Sambu na vijiji jirani

Anayetoka Arusha mjini kwenda Namanga huuona Mlima Meru ukigeuka sura. Upande wa kusini, kuelekea Tengeru na Usa River, mlima umevikwa migomba na kahawa. Akifika Oldonyo Sambu, kijani kimepungua, upepo unapuliza vumbi, na ndoo ya maji ina thamani ambayo mtu wa kusini mwa mlima haijui. Katika eneo kama hili, shilingi iliyotozwa kimakosa kwenye maji au umeme inatoka moja kwa moja kwenye unga wa ugali na ada ya mtoto.

Watanzania wameupa ubaya huu jina: bili bambikizi. Bungeni na kwenye mikutano ya hadhara, viongozi wa sekta ya maji wameulizwa habari zake mara nyingi. Kinachozungumzwa kidogo ni hatua ya pili, yaani namna fedha iliyozidi inavyorudi kwa mwenyewe.

Ziada huingilia wapi

Kwenye umeme, tatizo la kwanza la kuangalia ni kundi la bei. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, mteja mdogo wa nyumbani, wa kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Mteja wa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292. Juu ya bei hizo huongezwa VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya nishati vijijini na asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Kwa hiyo shilingi 1,000 humpa mteja wa D1 uniti kama 8.2, na wa T1 uniti 2.8 tu.

Chukua mfano wa familia yenye taa nne, redio na chaji ya simu, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, lakini imewekwa T1 kwa makosa. Ikitumia uniti 75, italipa takriban shilingi 26,700 badala ya 9,150. Tofauti inapita shilingi 17,500 kwa mwezi, na kwa mwaka inavuka shilingi 210,000. Hiyo ni mbuzi kadhaa mnadani. Aliyehamishiwa T1 kwa sababu matumizi yake kweli yalipanda hana dai, ila aliyehamishwa bila matumizi kupanda analo.

Kodi ya majengo ni jambo jingine. Tangu Agosti 2021 hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, katika maeneo inakotozwa. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Nyumba moja yenye mita mbili au tatu inaweza kukatwa mara mbili au tatu. Fedha hiyo si ya TANESCO. Ni kodi ya Serikali, na mwenye nyumba aliyekatwa zaidi ya mara moja hupeleka habari zake kwa mamlaka inayoikusanya.

Kwenye maji, mambo hujificha ndani ya mita. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Nyumba inayochota ndoo kumi kwa siku hutumia uniti sita kwa mwezi. Bili ikisema uniti 25, kuna maelezo machache tu yanayowezekana: msoma mita alikadiria bila kufika, namba ilinakiliwa vibaya, mita ni mbovu, au bomba linavuja. Upepo unaosukumwa ndani ya mabomba maji yanaporudi baada ya mgao nao unaweza kuzungusha mita.

Kabla ya kulalamika, mteja afunge koki zote na aangalie kile kigurudumu kidogo kwenye uso wa mita. Kikiendelea kuzunguka, maji yanavuja upande wa nyumbani, na uvujaji wa baada ya mita kwa kawaida ni mzigo wa mteja. Kikisimama, dai lake limepata nguvu.

Daftari la shilingi mia chache

Madai mengi hufia hapa, kwa kukosa maandishi. Mtu anajua ameonewa, ila hana cha kuweka mezani.

Dawa yake ni daftari dogo la shule. Kila mwisho wa mwezi iandikwe tarehe na namba zinazosomeka kwenye mita ya maji, na kwa mwenye simu ya kamera, ipigwe picha. Meseji za LUKU zisifutwe, maana kila moja huonyesha kiasi kilicholipwa, uniti zilizopatikana na makato. Risiti za malipo ya namba ya kumbukumbu zibanwe pamoja. Kwa wazee wasiosoma Kiswahili vizuri, kijana wa nyumbani apewe kazi hiyo kama anavyopewa ya kuhesabu ndama.

Mlango kwa mlango

Mlango wa kwanza ni wa mtoa huduma mwenyewe: TANESCO kwa umeme, AUWSA kwa wanaohudumiwa na mamlaka ya maji ya Arusha. Lalamiko liandikwe kwa mistari michache: jina, namba ya mita au akaunti, miezi inayolalamikiwa, kiasi kilichozidi na kinachoombwa. Nakala ibaki kwa mteja ikiwa na muhuri wa mapokezi. Kama shaka iko kwenye mita, aombe ipimwe. Wakala wa Vipimo ndio wenye jukumu la kisheria la kuhakiki vipimo nchini, mita zikiwemo.

Vijiji vinavyopata maji kupitia vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii vina njia yake. Lalamiko huanzia kwa kamati ya chombo, kisha ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini. RUWASA iliundwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, na usimamizi wa vyombo hivyo uko mikononi mwake.

Mtoa huduma asipojibu, au jibu lisiporidhisha, mteja wa TANESCO au AUWSA hupanda hadi EWURA, yenye ofisi ya Kanda ya Kaskazini jijini Arusha. EWURA hujaribu kwanza kupatanisha pande mbili. Upatanishi ukishindikana, husikiliza shauri na kutoa uamuzi, na inaweza kuamuru fedha irudishwe. Asiyeridhika hukata rufaa Baraza la Ushindani, na muda wa rufaa ni mfupi, hivyo barua ya uamuzi isilale kabatini. Kwa asiyejua pa kuanzia, lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA CCC, lililoundwa kumsemea mtumiaji na kumwelekeza.

Kitongoji kizima kikiumizwa

Kosa moja linaweza kugusa nyumba mia. Kwa hali hiyo, Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, Amri ya 1 Kanuni ya 8, inaruhusu mtu mmoja au wachache kufungua kesi kwa niaba ya wengi wenye maslahi yaleyale, kwa kibali cha mahakama. Wanaowakilishwa lazima wapewe taarifa. Taarifa hiyo ndiyo nafasi yao ya kusema wamo au hawamo.

Jirani zetu wa Kenya wametoa funzo. Januari 2018 wakili Apollo Mboya alikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi kupinga Kenya Power kuwatoza wateja malimbikizo yaliyotajwa kuwa shilingi bilioni 10.1 za Kenya, yaliyohusu gharama za mafuta ya kuzalisha umeme. Mahakama ilizuia utozaji huo kwa muda. Oktoba 2018 yakafikiwa makubaliano nje ya mahakama, na watetezi wengine wa watumiaji wakayapinga. Mwakilishi anapoketi kupatana, wanaowakilishwa wanatakiwa kuyajua masharti kabla ya wino kukauka.

Marekani, ambako kesi za namna hii ni nyingi, fidia ikishakubaliwa wahusika hutangaziwa, hupewa fomu na siku ya mwisho. Anayechelewa mara nyingi hukosa, hata kama aliumizwa kuliko wote.

Fidia ina sura gani

Mara nyingi haiji kama noti mkononi. Kwenye maji, ziada hupunguzwa katika bili zinazofuata. Kwenye LUKU, inaweza kurudi kama uniti. Mteja adai maandishi yanayoonyesha kiasi, miezi iliyohesabiwa na lini marejesho yatakamilika, kisha alinganishe na daftari lake.

Palipo na habari za fidia, matapeli hawako mbali. Hutuma meseji ya pongezi, wakaomba namba ya siri ya simu au "ada ya kufungulia malipo". Hakuna marejesho halali yanayohitaji namba ya siri, na anayedai apewe hela kwanza aripotiwe polisi.

Kwa kitongoji kinachotaka kuanza pamoja, kikao kimoja kinatosha. Mwenyekiti aite wakazi siku isiyo ya mnada, kila nyumba ije na bili au meseji za miezi sita, na iandikwe orodha yenye safu nne: jina, namba ya mita, kiasi kilicholipwa, kiasi kilichostahili. Wachaguliwe wawili wa kuipeleka Arusha, mmoja akiwa mama, kwa kuwa akina mama ndio wachotaji na wahesabu wa ndoo. Wakirudi, nakala yenye muhuri ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji.